Kupiga Upya Windows 7 Baada ya Wenyewe Kuiacha

Laptopu hii naitunza kwa sababu moja tu, skana ya filamu. Baba alipiga picha miaka mingi, na alichotuachia ni bahasha za negativu, nyingi hazikuwahi kusafishwa kwenye karatasi. Skana inayozisoma vizuri ina draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza nayo) ya biti 32 iliyoandikwa enzi za Windows 7, na walioitengeneza hawakuandika nyingine. Windows ya biti 64 haipokei draiva ya biti 32 hata uibembeleze vipi, na Windows 11 haina kabisa toleo la biti 32. Kwa hiyo diski ngumu ilipoanza kugonga na faili kugoma kufunguka, nilijua kinachofuata. Nimetia SSD (diski isiyo na sahani inayozunguka), nikapiga upya mfumo ambao wenyewe, Microsoft, waliacha kuuhudumia tarehe 14 Januari 2020.

Kupiga Windows yenyewe hakuna shida. DVD niliyonayo ni ile yenye Service Pack 1, furushi la masahihisho la mwaka 2011, na ilimaliza upesi kuliko nilivyotarajia. Shughuli inaanza pale skrini ya buluu yenye nembo inapotokea, safi, haina hata faili moja, na hapo ndipo unakumbuka kwamba mbele yako umewasha kompyuta ya 2011.

Saa pale pembeni ilisoma 2009. Betri ndogo ya CR2032 iliyo kwenye ubao mama ilikuwa imekufa. Jambo hili linaonekana dogo lakini linawasumbua wengi bila kujua: vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kwisha, na mashine inayodhani tuko 2009 huviona vyote kuwa ni vya siku zijazo, ikavikataa. Nilibadilisha betri, nikaweka tarehe sahihi. Hata hivyo Internet Explorer 8, kivinjari kinachokuja na mfumo huu, ni ya kutazama tu. Inazungumza TLS 1.0, toleo la zamani la lugha ya usimbaji ya tovuti (ile 1.2 imo ndani, ila imezimwa tangu kiwandani), na tovuti nyingi za leo hazijibu lugha hiyo. Mgonjwa hawezi kwenda kujitafutia dawa mwenyewe, inabidi aletewe.

Nami nasema heri iwe hivyo, kwa sababu mfumo uliotoka kwenye DVD ya 2011 haufai kuchomekwa kwenye mtandao kabla haujazibwa. Virusi vya WannaCry vilivyosambaa kuanzia tarehe 12 Mei 2017, vikazifungia kompyuta za hospitali huko Uingereza, vilipita kwenye tundu la SMB (njia ya kompyuta kushirikiana faili kwenye mtandao) ambalo kiraka chake, yaani programu ya kuliziba, MS17-010, kilikuwa kimetoka mwezi Machi mwaka huohuo. Nyingi ya kompyuta zilizoathirika zilikuwa za Windows 7. DVD yangu ina tundu lilelile, wazi. Kwa hiyo Wi-Fi niliizima kwa swichi ya pembeni, na viraka vyote nikavishusha kwa kompyuta nyingine kutoka Microsoft Update Catalog, nikavileta kwa flashi.

Hapa ndipo mpangilio unapokuwa kila kitu. Viraka husainiwa kidijitali ili mfumo ujue vimetoka kwa mwenyewe. Zamani saini hiyo ilitegemea SHA-1, hesabu inayoipa kila faili alama yake fupi. Mwaka 2017 watafiti wa Google na wa taasisi ya CWI ya Amsterdam walionyesha faili mbili tofauti zenye alama ileile ya SHA-1, yaani haiaminiki tena, na kuanzia Agosti 2019 viraka vya Windows 7 vikawa vinasainiwa kwa mrithi wake, SHA-2, peke yake. Mfumo wa 2011 haujui SHA-2. Ukiuletea kiraka cha 2020 moja kwa moja, unakikataa, kama mlinzi wa getini aliyefundishwa muhuri mmoja tu. Na haukosei, hivyo ndivyo ulivyoagizwa.

Kwa hiyo kwanza ni KB4490628 (KB ni namba ambayo Microsoft hukipa kila kiraka), inayofanyia ukarabati fundi wa ndani anayesakinisha viraka. Halafu KB4474419, inayoufundisha mfumo kuitambua SHA-2. Unazima, unawasha. Baada ya hapo kuna KB3020369, ndogo, ambayo bila hiyo huwezi kuweka KB3125574, lile furushi kubwa la 2016 lililobeba karibu viraka vyote tangu Service Pack 1. Mwisho kabisa ni KB4534310 ya tarehe 14 Januari 2020, kiraka cha siku ileile ya kuagana.

Jambo moja ambalo ningependa kila anayefanya kazi hii alijue mapema. Ukibofya faili ya kiraka, yenye mwisho wa .msu, linatokea dirisha dogo linalosema linatafuta apdeti kwenye kompyuta, na mstari wa kijani unapita kushoto kwenda kulia bila mwisho. Watu wameusubiri mstari huo kutwa nzima, wengine wakakata tamaa wakidhani diski imeharibika. Fungua orodha ya huduma, isimamishe Windows Update, mtandao ukiwa umezimwa, kisha bofya tena. Mara nyingi inakwenda hapohapo.

Halafu kuna kisa ambacho kila nikikikumbuka nawaheshimu mafundi walioandika programu hizi. Hicho kiraka cha mwisho kilikuwa na kasoro: aliyekuwa ameivuta picha ya skrini ili ijae, picha iligeuka nyeusi. Muda wa huduma ulikuwa umekwisha, lakini mwezi Februari 2020 walitoa KB4539602 kwa watu wote, si kwa waliolipia huduma ya ziada tu. Nimeiweka pia.

Msimamo wangu ni huu. Mtengenezaji akiamua kuuacha mfumo, ana haki hiyo, hakuna anayeweza kuziba matundu milele. Lakini siku ya kuagana angetoa nakala moja ya mwisho, yenye kila kiraka ndani, apigaye leo na apigaye baada ya miaka ishirini waanzie mahali pamoja. Windows 7 haikupata Service Pack 2. Mpangilio niliouandika hapo juu umekusanywa na watu wa kawaida, wakisoma maelezo marefu ya kila kiraka na kuyaunganisha. Kwa Windows 10, iliyofikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, kazi hiyo ianze sasa, faili zikiwa bado zinashuka. Wapo wenye mashine za maabara, za kukata vitambaa, za kuchonga mbao, ambazo programu yake haitaandikwa tena, na hao hawana hiari ya kununua kompyuta mpya wakasahau.

Draiva ya skana ilikuwa kitu cha mwisho kusakinisha. Kisha, kabla sijagusa bahasha hata moja, nilitengeneza nakala ya diski nzima kwenye diski ya nje, nikairudisha kwenye SSD nyingine kuhakikisha inawaka. Imewaka. Viraka vyote nimeviweka kwenye folda moja, majina yametanguliwa na namba za mpangilio, pamoja na faili ya maandishi inayoeleza kila kimoja kinahitaji nini kabla yake. Mtandao utabaki umezimwa, na picha zitahama kwa flashi. Nimeanza na bahasha ambayo Baba aliiandika "harusi", bila mwaka, na bado sijamtambua bibi harusi.