Meza, jukwaa na fuvu moja: siku zetu tatu Iringa

Binti yetu mkubwa, mwenye umri wa miaka 13, ndiye aliyeanzisha jambo hili. Alitaka likizo ya Juni tuitumie mjini badala ya kwenda Tukuyu kwa bibi yake kama ilivyo kila mwaka, na akatoa masharti matatu: tule katika hoteli yenye vitambaa mezani, tutazame mchezo wa jukwaani, na tutembelee makumbusho yenye kazi za sanaa. Baba yake alidhani anaisemea Dar es Salaam, akaanza kupiga hesabu ya nauli huku uso umemkunjamana. Mimi nikasema twende Iringa, na ili bibi asijione ameachwa, tukamchukua naye.

Kutoka Mbeya ni zaidi ya kilomita 300, na safari yenyewe haina mengi ya kusimulia, isipokuwa pale Mafinga ambapo mama mkwe aliacha kusinzia na kuanza kuhesabu malori ya mbao. Jioni tulivuka Ruaha Mdogo pale Ipogolo, gari likapanda mlima, na baridi ya Iringa ikatupokea. Sisi wa Mbeya hujidai kwamba baridi tunaijua, lakini hata hivyo masweta yalitoka kwenye begi.

Mlo wa vitambaa mezani tuliupata usiku huohuo katika hoteli ambayo sitaitaja. Tuliagiza supu, samaki na kitindamlo, kwa mpangilio uleule ambao binti yangu alikuwa ameuona kwenye televisheni. Supu ililetwa baada ya saa moja, samaki baada ya saa nyingine, naye akiwa amepoa kiasi kwamba limau halikuweza kumsaidia, na wakati huo mwanangu mdogo alikuwa amelala kichwa kikiwa juu ya kile kitambaa kilichotuleta. Mama mkwe alimwita mhudumu kwa upole, akamuuliza kama jikoni kuna ugali. Ulikuwapo, tena wa moto.

Chakula kilichostahili safari tulikila kesho yake mchana, katika mgahawa wa Neema Crafts. Kituo hiki kilianza mwaka 2003 kikiwa chini ya Kanisa Anglikana, na kinawapa ujuzi na ajira watu wenye ulemavu. Kuna wanaofuma, wanaoshona, na wanaotengeneza karatasi kutokana na kinyesi cha tembo, jambo ambalo mwanangu alilikataa katakata mpaka alipoishika karatasi yenyewe, akainusa mbele ya watu wote. Wahudumu wa mgahawa ni viziwi. Aliyetuhudumia alisubiri tuchague, akatuonyesha namna ya kusema chai na namna ya kusema asante kwa mikono, kisha akasimama akitutazama machoni, kwa sababu mtu anayesoma alama hawezi kuandika agizo huku akiangalia pembeni. Niligundua kwamba kwa mara ya kwanza tangu tuondoke nyumbani hakuna aliyeshika simu mezani. Huwezi kuagiza kwa mikono huku kiganja kimoja kimekamata simu.

Asubuhi yake tulikuwa tumepitia Boma, jengo la enzi ya Wajerumani lililofunguliwa kuwa makumbusho ya mkoa mwaka 2016. Limepangwa vizuri na halimchoshi mtoto, na yatosha kusema kwamba tulilipenda. Michoro ya kale ya Igeleke, ile iliyochorwa kwa rangi nyekundu juu ya mwamba nje kidogo ya mji, hatukuifikia. Nilitaka kuibana katika ratiba ya siku hiyohiyo, mume wangu akakataa, na sasa nakiri kwamba alikuwa na haki. Familia yenye mtoto wa miaka minane na bibi mwenye magoti mabovu haiwezi kubeba makumbusho zaidi ya moja kwa siku.

Jukwaa ndilo lililonitia wasiwasi, kwa kuwa Iringa haina ukumbi wa tamthilia unaofunguliwa kila juma kwa tiketi na viti vya mahameli. Tulichopata ni kikundi cha vijana waliokuwa wakiigiza Jumamosi jioni katika ukumbi wa kukodi, viti vya plastiki, mapazia ya kanga. Kisa chao kilihusu ndugu wawili wa Mufindi walioachiwa na baba yao shamba la paina. Mdogo anataka fedha, miti haijafikia umri wa kuvunwa, na mnunuzi kutoka mjini amekuja na mkataba wa kurasa nyingi ambao kaka mtu, asiyejua kusoma, anatakiwa kuutia dole gumba. Kijana aliyeigiza nafasi ya kaka alikuwa na kipaji cha kweli. Alikibonyeza kidau cha wino polepole, akakitazama kidole chake kana kwamba ni cha mtu mwingine, akakiinua juu ya karatasi.

"Usiweke, mwanangu!"

Mama mkwe alikuwa amesimama. Ukumbi mzima uligeuka, binti yangu akajifunika uso kwa mtandio, lakini yule kijana hakutetereka. Alimgeukia, akasema, "Shikamoo, bibi. Nisipoweka, tutakula nini?" Bibi akamjibu kwamba miti hailali njaa, inakua, mzee mwingine wa nyuma akadakia kwamba mkataba usomwe kwa sauti kwanza, na mnunuzi akalazimika kuusoma. Kwa robo saa nzima tamthilia iliendeshwa na watazamaji. Wanaofahamu sanaa za maonyesho nchini watakumbuka kwamba akina Penina Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliipeleka sanaa hii vijijini kwa mtindo huo wa kushirikisha jamii, ila mama mkwe hajawahi kuwasikia. Yeye aliona mtu anataka kudhulumiwa, basi.

Jumapili tulikwenda Kalenga, takriban kilomita 15 kutoka mjini, kwenye njia ya kuelekea Hifadhi ya Ruaha. Makumbusho ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ni madogo, na ndani yake kila kitu kinakuelekeza kwenye kisanduku kimoja cha kioo chenye fuvu. Mkwawa aliwashinda Wajerumani Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, ambako kamanda wao, Emil von Zelewski, aliuawa. Ngome ya Kalenga ikaanguka Oktoba 1894, naye akawasumbua porini hadi Julai 1898, alipojipiga risasi ili asikamatwe hai. Kichwa kikapelekwa Ujerumani. Mtoto wangu mdogo, ambaye hakuna kilichowahi kumnyamazisha, alisimama mbele ya kioo mikono ikiwa nyuma, akauliza kwa kunong'ona kama kilikuwa kinamwona.

Kilichomshika dada yake ni jambo jingine. Mkataba wa Versailles, uliotiwa saini mwaka 1919 kumaliza Vita Kuu ya Kwanza, una kifungu cha 246 kinachoitaka Ujerumani ikabidhi fuvu hilo kwa Waingereza katika muda wa miezi sita. Lilirudi mwaka 1954, baada ya Edward Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, kwenda mwenyewe kulitafuta katika makumbusho ya Bremen, akamkabidhi Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu.

Tulipokuwa tunarudi, karibu na Makambako, binti yangu alikuwa bado anapiga hesabu kwenye kiti cha nyuma. "Mama, waliandika miezi sita, ikawa miaka 35. Na walikuwa wametia saini."

Nilidhani bibi amelala. "Ndiyo maana," akasema bila kufumbua macho, "nilimkataza yule kijana asiweke dole gumba."