Plasta kupasuka Dodoma: angalia maji kwanza

Juni hadi Septemba Dodoma ni ukavu na upepo tu. Ukipiga plasta kwenye ukuta mkavu, tofali linanyonya maji kabla saruji haijashika. Baadaye ukigonga, panalia patupu. Lowesha ukuta jioni ya kuamkia kazi, na tena asubuhi, ila usichuruzike.

Mchanga wa korongoni mara nyingi una udongo. Tia kwenye chupa ya maji yenye chumvi kidogo, tikisa, acha saa tatu: tabaka la udongo juu likizidi asilimia 8 ya kimo cha mchanga, tafuta mwingine. Saruji ndoo 1, mchanga ndoo 5, unene milimita 12 hadi 15.

Kisha mwagilia asubuhi na jioni kwa siku 7. Fundi anayesema mbili zinatosha anawaza saiti nyingine.