Siku Moja Maishani Mwangu: Kufanya Kazi, Kununua na Kula Tokyo

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ninashuka ngazi nikiwa na mfuko wa taka mkononi. Ninaishi Akabane, kaskazini mwa Tokyo, na leo mtaa wetu unatoa taka zinazochomwa. Kando ya friji nimebandika kalenda niliyopewa na ofisi ya wilaya nilipokwenda kuandikisha anwani yangu, jambo ambalo kila mgeni mkazi hutakiwa kulifanya ndani ya siku 14 baada ya kuhamia. Kalenda hiyo inaeleza siku ya kila aina ya taka na namna ya kuitayarisha. Chupa ya maji ya plastiki, kwa mfano, haipokelewi hivi hivi: huvuliwa kifuniko, hubanduliwa lebo, husuuzwa na kubanwa, na kifuniko na lebo huenda upande mwingine kabisa. Mifuko yote iwe imefika mahali pake kabla ya saa mbili, tena iwe chini ya wavu, kwa kuwa kunguru wa mji huu ni wakubwa na hawamwogopi mtu.

Wengi wanaokuja huku huogopa lugha. Kwa maoni yangu lugha si kikwazo cha kwanza. Kikwazo cha kwanza ni utaratibu, kwa sababu kila kitu kina hatua zake, na hakuna anayekueleza hatua hizo kwa kuwa kila mtu anadhani unazijua. Ukishazielewa, unaweza kusafiri, kula na kununua mahitaji yako kutwa nzima bila kufungua kinywa, na hapo ndipo lugha inapokuwa tatizo kweli, maana hupati pa kuizoeza.

Saa mbili kasoro robo ninapanda treni ya njia ya Keihin-Tohoku kuelekea Shinagawa. Kadi inagusishwa kwenye lango, nauli inakatwa, na mwajiri wangu huirejesha pamoja na mshahara, kama zifanyavyo kampuni nyingi za hapa. Ndani tumebanana bega kwa bega, lakini kimya ni kikubwa kiasi kwamba mlio wa simu huwafanya watu wageuze macho. Kuzungumza kwa simu ndani ya treni ni utovu wa adabu. Mkoba hushushwa kutoka mgongoni na kukumbatiwa kifuani. Na katika njia hii, asubuhi kama hii, lipo behewa la wanawake pekee, lenye alama chini kwenye jukwaa mahali litakaposimama. Treni ikichelewa, wafanyakazi wa stesheni hutoa karatasi ya kuthibitisha ucheleweshaji, nawe huipeleka kazini kama mgonjwa anavyopeleka cheti cha daktari.

Saa tatu kazi inaanza. Kampuni yetu husafirisha magari yaliyotumika, na sehemu yangu ni wateja wa Afrika Mashariki. Asubuhi ni ya nyaraka, picha za magari na mawasiliano na watu wa bandarini Yokohama, kwa kuwa wateja wangu bado wamelala: tofauti ya saa baina yetu ni 6 kamili. Tofauti hiyo ina raha yake. Mshale wa saa ya ukutani ofisini, ambayo Wajapani huisoma kwa kuhesabu kuanzia usiku wa manane na adhuhuri, unapofika 3 mchana wa hapa, kwa wateja wangu ni saa tatu asubuhi. Sihitaji kupiga hesabu yoyote; saa ya Kijapani inanisomea wakati wa nyumbani kwa Kiswahili.

Saa sita mchana tunatoka kula, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa chakula ndicho kilichonichukua muda mrefu kukizoea. Mkahawa wa jirani una mashine ya tiketi mlangoni. Unatia fedha, unabonyeza kitufe cha chakula unachokitaka, inatoka tiketi ndogo, unampa mpishi, unakaa. Mashine hii ni ya zamani, na ubavuni imebandikwa karatasi ya kuomba radhi kwamba haipokei noti mpya, zile zilizotolewa tarehe 3 Julai 2024, ambazo ile ya yeni 1,000 ina picha ya Kitasato Shibasaburo, mtaalamu wa bakteria. Kwa hiyo watu hutafuta noti ya zamani pochini, au hubadilishiwa na mhudumu. Maji ni ya bure, kitaulo cha kufutia mikono huletwa bila kuomba, na bakshishi haipo: ukiacha sarafu mezani, mhudumu atakukimbilia nje akidhani umezisahau.

Mimi ni Mwislamu, na kwangu swali la kila mlo ni kilichomo ndani. Nguruwe anapoonekana ni rahisi kumwepuka. Shida ni nguruwe asiyeonekana, aliye ndani ya supu ya tambi, mafuta ya kukaangia au jelatini ya vitamutamu, pamoja na sake na mirin, vileo vya kupikia vinavyotiwa katika michuzi mingi. Sheria inalazimisha vyakula vya paketi vitaje vizio, yaani vitu vinavyowaletea baadhi ya watu mzio, kama mayai, maziwa, ngano na uduvi, lakini nguruwe na pombe havimo katika orodha hiyo ya lazima. Ndiyo maana herufi za kwanza nilizozikariri kwa moyo zilikuwa ya nguruwe na ya pombe, kabla hata ya zile za jina la mtaa wangu. Leo ninabonyeza kitufe cha samaki wa kuchomwa kwa chumvi, aina inayofanana na kibua, anayeletwa na wali, supu ya miso, yaani soya iliyochachushwa, na figili iliyokunwa. Wenzangu wanakula tambi kwa kuzivuta kwa sauti, jambo ambalo hapa halina aibu yoyote. Hakuna anayekaa baada ya kumaliza. Foleni iko mlangoni, na kiti si mahali pa mazungumzo.

Kuanzia saa nane simu zinaanza kuingia. “Kaka, gari langu limepanda meli au bado?” Ni swali lile lile mpaka jioni, na ninakiri kwamba ninalipenda, kwani ndiyo sauti ya kwanza ya siku inayoniuliza jambo badala ya kunielekeza.

Saa kumi na mbili na nusu idara yetu inakwenda kula pamoja kwenye izakaya, mkahawa wa jioni ambako watu hunywa na kula vijisahani vingi kwa pamoja. Kabla hujaagiza, unaletewa kijisahani cha mboga au samaki, nacho hulipiwa hata kama hukukiomba. Ndiyo namna ya mkahawa kutoza kiti. Hakuna anayegusa kinywaji mpaka kila mtu awe na chake na wote wamegonganisha glasi, nami yangu ina chai baridi ya oolong. Hesabu hugawanywa sawa kwa vichwa. Asiyekunywa pombe, basi, huwalipia kidogo wanaokunywa, na sioni kwamba ni haki, ingawa ninalipa bila kunung’unika, kwa kuwa meza hiyo ndiyo mahali pekee katika wiki ambapo wenzangu huongea kwa sauti, hunisahihisha Kijapani changu na kuniuliza habari za kwetu.

Saa tatu usiku ninashuka Akabane na kuingia supamaketi, wakati mzuri kuliko yote, kwa kuwa mfanyakazi anapita na mashine yake akibandika stika za nusu bei kwenye vyakula vilivyopikwa na samaki wabichi. Watu hawamzongi, wanazungukazunguka karibu wakijifanya wanatazama mayai, kisha stika ikishabandikwa mkono unatoka taratibu. Lebo ina bei mbili, bila kodi na pamoja na kodi, nayo kodi ya vyakula ni asilimia 8, wakati chakula kile kile ukikilia mkahawani hutozwa 10, tofauti iliyoanza Oktoba 2019. Mchele ulipanda sana mwaka 2025: mfuko wa kilo 5 ulivuka wastani wa yeni 4,000, hata serikali ikafungua maghala yake ya akiba. Kwa mbuzi, bamia na viungo husubiri mwisho wa wiki niende Hyakunincho, karibu na stesheni ya Shin-Okubo, kwenye maduka ya halali ya Wabangladeshi na Wapakistani.

Keshia anapitisha bidhaa kutoka kikapu kimoja hadi kingine, ananiuliza kama nina mfuko, kwa kuwa tangu Julai 2020 mifuko ya plastiki hulipiwa, kisha ananielekeza kwenye mashine ya malipo. Namwaga humo sarafu zote za yeni 1 na 5 zilizojaa pochini, mashine inazihesabu yenyewe, na ninakwenda kufunga mizigo kwenye meza ya kando: vipande viwili vya samaki vyenye stika nyekundu, mayai, na kabichi nusu. Samaki mmoja atapikwa usiku huu huu na kuwa chakula changu cha kesho mchana, kwa sababu mkahawa wa jirani hufungwa Ijumaa.