Bushi 11 nilizoziua kwa kurekebisha mashine iliyokuwa sawa

Watu wakisikia we ni fundi wa CNC, yani mashine ya kukata chuma inayoongozwa na kompyuta, wanadhani kazi yako ni kubonyeza kitufe cha kijani halafu unakaa kwenye stuli unachezea simu. Sikatai, kuna siku inafanana hivyo kabisa. Ila kukata chuma ndo sehemu nyepesi ya hii kazi jamani, kinachotutoa jasho ni kupima, na kujua lini usiamini namba unayoiona kwa macho yako mwenyewe.

Nilipewa oda ya bushi za alumini (vipande vya duara vyenye tundu katikati), kipenyo cha nje milimita 80, toleransi h6. Kwa asiyejua, hapo kipande kinatakiwa kiwe kati ya 80.000 na 79.981, yani una mikroni 19 tu (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) za kuchezea, haifiki hata nusu ya unene wa unywele. Nikafunga kipande kwenye chaki (sio ile ya ubaoni, ni kile kishikio cha mashine kinachobana kipande), nikakata cha kwanza, nikakipeleka kwa mkaguzi. Mkaguzi ana kazi zake, kikakaa mezani kwake muda mrefu tu ndo akakipima, 79.990, katikati kabisa ya toleransi. Cha pili hivyo hivyo. Akasaini, nikarudi kwenye mashine natembea kama bosi.

Sasa cha tatu nikaona nisisumbue mtu. Kilivyotoka tu kwenye chaki nikakifuta, nikakipima palepale na maikromita, kile kifaa cha mkononi cha kupimia unene, 80.018. Moyo ukapiga paa! Nikawaza haraka haraka, inseti, yani kile kipande cha kisu kinachokata, imeshaanza kulika, maana kisu kikilika kipenyo cha nje kinapanda, hilo kila fundi analijua. Nikaingia kwenye ofseti, namba inayoiambia mashine isogeze kisu kiasi gani, nikapunguza 0.028. Kilichofuata nikakipima kikiwa hivyo hivyo bado kina joto, 79.990. Safi. Nikaendelea hivyo mpaka nikamaliza vingine 10, kila kimoja napima, kila kimoja 79.990 au hapo karibu, na nilivyokuwa najisifu moyoni we acha tu.

Mkaguzi alivyovipima baadaye vyote vilikuwa 79.962, 79.963. Vidogo. Na kitu cha nje kikishakuwa kidogo ndo basi tena, huwezi kurudisha alumini uliyoikata. Ingekuwa tundu limebana ningelikata tena nikalifungua, ila hapa ni skrepa, chuma chakavu cha kutupa.

Ilinichukua muda kuelewa na ukweli ni mambo ya darasani niliyoyasoma nikayaacha hukohuko. Alumini inatanuka karibu mikroni 23 kwa kila mita kwa kila digrii moja ya joto, karibu mara mbili ya chuma. Pampu ya kulanti, yale maji ya kupoza wakati wa kukata, ilikuwa inasuasua siku ile, kipande kinatoka kina kama digrii 35. Vipimo vyote vya michoro yetu vinahesabiwa kwenye digrii 20, hilo limekubaliwa kimataifa tangu 1931. Sasa piga hesabu, digrii 15 za ziada kwenye milimita 80, unapata mikroni 27 na ushee. Kwa hiyo ile 80.018 ilikuwa ni bushi nzuri kabisa yenye homa tu. Inseti haikuwa imelika, mashine haikuwa na tatizo lolote, mimi ndo nilikuwa tatizo lenyewe nikaingia kuirekebisha.

Halafu hata maikromita yenyewe sio malaika. Ukiikumbatia kwenye kiganja dakika kadhaa fremu inapata joto la mwili wako, inatanuka, inaanza kukusomea vidogo. Zile pleti za plastiki pembeni mwa fremu hazikuwekwa kwa ajili ya urembo, na mimi nilikuwa nadhani ni za kuzuia isiteleze.

Kuna mwenzangu aliniambia si ungekata tu kubwa kidogo ukipima moto ukajua ikipoa itashuka. Wapo wanaofanya hivyo na wanapatia, ila wanajua joto la kipande chao kila mara, sio kukisia kwa kugusa na kidole. Mi napenda kukiweka juu ya meza ya granaiti pamoja na maikromita vikae vyote vilingane joto, hata kama msimamizi ananiangalia vibaya kwamba nimesimama sifanyi kitu.

Ile shifti ilivyofuata nikapewa alumini nyingine ya kufidia zile 11. Pampu ilikuwa imeshatengenezwa. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuirudisha ofseti palepale ilipokuwa kabla sijaigusa, nikakata, nikasubiri, nikapima. 79.989.