Tiketi ya mwendo kasi Georgia: kazi ya wakili kabla hujalipa

Madereva wengi wanaozungumza Kiswahili Clarkston, Stone Mountain na vitongoji vingine vya Atlanta wakiandikiwa tiketi ya mwendo kasi hufanya jambo moja: wanaingia kwenye simu, wanalipa, yameisha. Hayajaisha. Kulipa ni kukiri kosa. Kuanzia hapo mahakama inapeleka taarifa kwa idara ya leseni ya jimbo, DDS, na kinachofuata (pointi, bima, kazi) hakikuandikwa popote kwenye risiti uliyopata. Kwa mwenye leseni ya CDL, anayelisha familia kwa kuendesha lori, malipo hayo ya dakika tano yanaweza kumweka nje ya barabara miezi miwili.

Kazi kubwa ya wakili kwenye kesi hizi ni kubadilisha namba, na dola za faini hazimo ndani ya namba hizo. Georgia inahesabu pointi kwa kiasi ulichozidisha juu ya mwendo unaoruhusiwa: maili 15 hadi 18 ni pointi 2, 19 hadi 23 ni pointi 3, 24 hadi 33 ni pointi 4, na 34 kwenda juu ni pointi 6. Ukizidisha maili 14 au chini yake, hakuna pointi. Ukifikisha pointi 15 ndani ya miezi 24 leseni inasimamishwa. Kijana aliye chini ya miaka 21 ana nafasi ndogo zaidi, kwa sababu kosa moja la pointi 4 linatosha kumsimamishia leseni.

Chukua mfano wa dereva aliyepimwa maili 87 kwenye barabara ya 65. Amezidisha 22, kwa hiyo ni pointi 3. Tena amevuka 85, na Georgia inamhesabu kuwa "super speeder": baada ya kupatikana na hatia, DDS inamtumia bili ya dola 200, mbali kabisa na faini ya mahakama. Asipoilipa ndani ya siku 120, leseni inasimamishwa na kuirudisha ni dola 50 zaidi. (Kwenye barabara ya njia mbili kiwango hicho kinaanzia 75.) Kama alikuwa kwenye lori, sheria za shirikisho nazo zinamgusa, kwa kuwa kuzidisha maili 15 au zaidi ni kosa kubwa kwa mwenye CDL. Makosa makubwa mawili ndani ya miaka 3 yanamwondoa kwenye lori siku 60, matatu siku 120. Sasa wakili akikubaliana na mwendesha mashtaka tiketi iandikwe 79 badala ya 87, dereva amezidisha 14. Pointi hakuna, bili ya dola 200 hakuna, kosa kubwa hakuna. Faini inaweza kubaki karibu ileile, na mara nyingi mwendesha mashtaka atataka kozi ya udereva salama ya saa 6. Bado ni biashara nzuri sana.

Wenye CDL wajue pia kwamba sheria ya shirikisho inayakataza majimbo kuficha hukumu zao. Ile njia ya "fanya kozi, kesi ifutwe kimya kimya" anayopewa dereva wa gari dogo, wao hawapewi. Kupunguza shtaka kabla ya hukumu ni jambo jingine, ila wapo waendesha mashtaka wanaokataa hata hilo wakiona CDL kwenye leseni. Ndiyo maana wakili wa kumtafuta ni yule anayefika kwenye mahakama hiyohiyo kila mara na anajua mwendesha mashtaka wa pale anakubali nini. Mwenye ofisi nzuri katikati ya jiji si lazima awe ndiye. Ukiwa kwenye gari lako binafsi hesabu ya makosa makubwa inabadilika, kwani kosa linahesabiwa tu kama limesababisha leseni yako kusimamishwa au kufutwa. Hata hivyo, kila hukumu ya kosa la barabarani isipokuwa la kuegesha, hata kama ulikuwa na gari lako, lazima umjulishe mwajiri kwa maandishi ndani ya siku 30.

Kabla ya kumpigia wakili, soma tiketi yako taratibu. Tafuta namba ya kifungu cha sheria, mwendo uliopimwa na mwendo unaoruhusiwa, kifaa kilichotumika (rada au leza), jina la mahakama, tarehe na saa. Angalia hasa aliyekuandikia ni askari wa mji, wa kaunti, au wa polisi ya jimbo, State Patrol. Hapo ndipo utetezi mwingi unapoanzia. Askari wa mji na wa kaunti wanaotumia vifaa vya kupima mwendo wamefungwa na masharti ambayo askari wa jimbo hana. Hawawezi kukufungulia kesi ya kifaa mpaka uwe umezidisha zaidi ya maili 10, isipokuwa maeneo ya shule kwa saa zake, maeneo ya kihistoria na ya makazi. Gari lao likiwa limesimama lazima lionekane na dereva anayekuja kutoka futi 500, yaani kama mita 150. Hawaruhusiwi kupima ndani ya futi 300 tangu kibao kinachopunguza mwendo ndani ya mji, au futi 600 nje ya mji, wala kwenye mteremko unaozidi asilimia 7. Idara yao lazima iwe na kibali cha kutumia vifaa hivyo, na askari mwenye rada anapaswa kuijaribu mwanzo na mwisho wa zamu na kuandika matokeo. Wakili mzuri anaomba daftari hilo, kibali na video ya gari la polisi mapema, kabla video haijafutwa. Wewe msaidie: piga picha za mahali pale, kibao cha mwendo na pale askari aliposimama, wiki hiyohiyo. Vibao huhamishwa na miti hukatwa.

Kuweka sahihi kwenye tiketi si kukiri. Ni kuahidi kufika. Na ahadi hiyo usiivunje. Usipofika, mahakama inaweza kutoa hati ya kukukamata na kuijulisha DDS isimamishe leseni. Ukikamatwa tena ukiendesha na leseni iliyosimamishwa, umetoka kwenye tiketi umeingia kwenye kesi ya kwenda jela.

Ukizungumza na wakili, taja bei baadaye; kwanza uliza maswali haya. Mahakama hiyo huwa unafika mara ngapi? Wewe mwenyewe utasimama au utamtuma mwingine? Bei hii ni hadi makubaliano tu, au inajumuisha kesi kusikilizwa? Kesi ikipelekwa mahakama ya kaunti nitaongeza kiasi gani? Nitahitaji kufika mwenyewe, au utaniwakilisha? Wengi wanatoza bei moja kwa kazi nzima, na faini haimo ndani yake. Makubaliano yawe kwa maandishi. Anayekuahidi tiketi "itafutika lazima" muache, maana hakuna wakili anayeweza kuahidi matokeo. Jina lake litafute kwenye orodha ya State Bar of Georgia, uone kama leseni yake ya uwakili iko hai. Kuna ndugu kwenye jamii zetu wanaojaza fomu vizuri na kutafsiri vizuri. Hawawezi kukusimamia mahakamani, na pesa uliyowapa kwa kazi hiyo hairudi.

Siku ya kwanza si siku ya ushahidi. Ni siku ya kusomewa shtaka na kusema unakiri au unakana. Wakili anaweza kukana kwa niaba yako kwa maandishi na kuomba muda. Mahakama ya mji haina baraza la wazee wa mahakama, yaani "jury", raia wa kawaida wanaoamua kama una hatia. Ukidai haki ya kuhukumiwa na baraza, faili linahamia mahakama ya kaunti. Wakati mwingine hilo linasaidia, kwa sababu kule mwendesha mashtaka ni mwingine na mafaili ni mengi. Lakini mapatano ya mwanzo yanaweza kupotea, na makosa mengi ya barabarani Georgia ni jinai ndogo yenye kikomo cha miezi 12 na dola 1,000. Usikubali uhamisho bila wakili kukueleza kwa nini.

Kuna pia "nolo", yaani hukiri wala hukani, unapokea adhabu. Kwa gari dogo inaweza kukuepusha na pointi mara moja kila miaka 5. Kwa uhamiaji, nolo ni hukumu kama kukiri. Kama hujawa raia na tiketi yako ina ulevi, kuendesha bila leseni au kuwakimbia polisi, ongea na wakili wa uhamiaji kabla ya kusema neno lolote mbele ya hakimu.

Mkalimani ni haki yako, bure. Piga simu kwa karani mapema, taja Kiswahili, Kinyarwanda au Kirundi waziwazi, na sema cha wapi, kwa kuwa Kiswahili cha Bukavu na cha Mombasa vinatofautiana. Usimpeleke mtoto wako atafsiri. Maneno ya kukiri yanasomwa haraka na hakimu atakuuliza kama umeelewa. Kama hujaelewa, jibu ni hapana.

Kesi ikiisha, omba kwa karani nakala iliyothibitishwa ya uamuzi, yenye namba mpya ya mwendo na kifungu kipya. Baada ya wiki kadhaa nunua rekodi yako ya udereva DDS uilinganishe na nakala hiyo. Makarani hukosea, na 87 ya zamani ikiwa bado imo kwenye rekodi, nakala hiyo ndiyo itakayoirekebisha.