Daftari la bibi na mstari nilioacha mtupu

Jumamosi, usiku

Nimemaliza ukurasa wa kumi na tisa. Mkono unaniuma kuanzia kidole cha shahada hadi kwenye kiwiko, maana miaka mingi sasa kuandika kwangu kumekuwa kubonyeza simu tu. Kazi hii lakini nimejiapiza kuifanya kwa kalamu: kulinakili daftari la mapishi la bibi yangu, mzaa mama, kwenye kaunta buku la kwaya tatu, ili binti yangu siku atakayoanza kujipikia kwake awe nalo.

Daftari lenyewe ni dogo, la mistari. Jalada lilishatoka zamani, mama akalishonea kipande cha kanga. Lilitoka Wete, Pemba, likakaa kwa mama Unguja, likanifikia mimi huku Dar es Salaam baada ya mama kufariki, ndani ya mfuko mmoja na mbuzi ya kukunia nazi. Kuna ukurasa ulioingia samli ukawa kama kioo, maandishi ya upande wa pili unayaona yamegeuka.

Bibi hakusoma skuli. Alisoma chuo cha Kurani, akahitimu, na herufi alizozijua ni za Kiarabu. Kwa hiyo mapishi yake ni Kiswahili kitupu kilichoandikwa kutoka kulia kwenda kushoto. Mama, aliyesoma skuli ya serikali, aliongeza yake pembeni kwa herufi za Kirumi: "sukari punguza", "haukuumuka, hamira ya zamani", na moja ninayoipenda kuliko zote, "Idi 1983, watu kumi na nane, ulitosha". Mimi nilifundishwa alifu na be chuoni nikiwa mdogo, nikadhani nitalisoma bila tabu.

Tabu ilikuwapo. Irabu e na i zinapewa alama moja, o na u vilevile. Wako waliokuwa wakiongeza nukta tatu ili kupata p, ch na v. Bibi hakuhangaika nazo, p yake ni b na yatosha. Na ile m au n inayotangulia b, d au g, watu wa zamani wengi hawakuiandika kabisa. Ndimu inakuwa "dimu". Mbaazi inakuwa "baazi". Bibi alijua anachosema, na waliokuwa wakimsomea walikuwa wanawe, jikoni, sufuria iko motoni.

Mwaka jana nilikuta pishi lenye kichwa kilichosomeka "boga ya nazi". Chini yake: fungu tatu, osha, katakata, tui la pili kwanza, la kasimele mwisho. Nikaenda sokoni, nikanunua boga, hayo mafungu nikayachukulia kuwa ni vipande wanavyovipanga wauzaji mezani. Nikalipika likaiva, tena tamu. Mamdogo, mdogo wake mama, alikuwa kwangu siku zile kwa matibabu ya macho. Nikampakulia. Akala taratibu, akaniuliza, "Hiki nini, mwanangu?"

"Boga la nazi la bibi, mamdogo."

"Mama hakuwa akipika boga la nazi. Hebu nisomee."

Nikamsomea herufi kwa herufi. Akanyamaza kidogo, kisha akaweka kijiko chini. "Boga *ya*? Mama yangu mimi aseme boga *ya*? Mboga hiyo. Mboga ya nazi. Mchicha."

Lile "ya" lilikuwa mbele ya macho yangu muda wote. Boga ni la. Bibi asingekosea ngeli hata usingizini. Nilishika daftari nikalia, na si kwa sababu ya boga. Mamdogo ana miaka themanini na moja, jicho moja limeshakwenda, na katika watu wote waliowahi kukaa kwenye kibao cha jikoni kile amebaki peke yake. Ningelinakili daftari hili miaka mitano baadaye, binti yangu angerithi boga, na wanawe wangepika boga wakiamini ni la nyanya yao.

Tangu hapo nikikwama natazama kwanza kilichofuata jina: ni ya, ni la, ni cha, ni vya. Mara nyingi jibu limekaa hapo.

Vipimo navyo ni habari nyingine. Mkate wa kumimina unaanza na "mchele kibaba". Kibaba ni robo ya pishi, hilo kila mtu wa makamo atakwambia, lakini vibaba vya nyumba havilingani. Cha bibi ni kopo la bati lenye mkunjo ubavuni, na bado liko Wete kwenye pipa la mchele. Nilipokwenda sikumwomba mamdogo anieleze linaingia kiasi gani. Nilimwomba alijaze kama alivyokuwa akilijaza mama yake, akalijaza hadi likafanya kichuguu, akalisawazisha kwa ubapa wa kiganja, nikaumimina mchele ule mfukoni, nikavuka nao bahari. Mizani yangu ya jikoni ilisema gramu 690. Hamira imeandikwa "ya vidole vitatu". Basi naye nikamwekea karatasi mbele, akachota mara tatu. Gramu 2, gramu 3, gramu 2.

Namba hizi nimeziandika kwa penseli pembeni. Maneno ya bibi yamebaki kwa wino, kama alivyoyaweka, maana nataka binti yangu aanze na mizani na amalizie na vidole vyake.

Halafu kuna sentensi moja ya mkate huo ambayo hakuna mizani ya kuipima. Mchele umeloweshwa usiku kucha, umesagwa kwa tui, umetiwa sukari, iliki na hamira, umeumuka hadi juu pamejaa viputo, umekorogewa ute wa yai, umemiminwa kwenye sufuria yenye samli ya moto. Kifuniko juu, makaa juu ya kifuniko. Hapo bibi ameandika: "Usifunue. Sikiliza. Ukinyamaza epua."

Nimepika mkate huu maisha yangu yote nikichomeka kijiti. Juma lililopita nilizima redio, nikavuta kigoda, nikasikiliza. Mwanzo unachachatika pembeni, samli inapanda. Baadaye sauti inahamia katikati, inakuwa nzito, kama mtu anayenong'ona chini ya shuka. Kisha inakatika. Inakatika kweli, hata sikuwa na haja ya kujiuliza. Nikaepua. Ukingo wa rangi ya asali, ndani vijitundu vitupu. Binti yangu aliyekuwa amechutama pembeni yangu akasema, "Mama, umenyamaza," na mimi nikamwachia yeye aandike sentensi hiyo kwenye kaunta buku, kwa mwandiko wake.

Ndugu zangu wanashauri nipige picha kurasa zote, nizichape, yaishe. Picha nimepiga, ziko kwenye simu yangu na kwa dada yangu aliyeko Maskati, kwa sababu maji na moto havina huruma. Lakini picha nilikuwa nayo ya ukurasa ule wa "boga" miaka miwili na haikuwahi kunisumbua. Kalamu inanisimamisha. Siwezi kuandika neno nisilolijua, na nisipolijua lazima nipige simu Pemba.

Kama leo. Ukurasa wa ishirini ni achari ya embe. Ndimu, chumvi, pilipili, haradali, kisha neno lililoangukiwa na tone la mafuta, limebaki wau na mkia wa herufi. Nimempigia mamdogo baada ya Isha. Nikadhani uwatu. Akasema labda, ila mama yake alikuwa na achari mbili na moja haikuwa na uwatu.

"Usiandike bado," akaniambia. "Maembe mabichi yameanza. Njoo tuitie kimoja kimoja, mimi nionje."

Basi mstari huo nimeuacha mtupu, na tiketi ya boti nitakata Jumatatu. Mchele nimeshaulowesha.