Nani anapakuliwa kwanza?

Julai 2012 nilikuwa nyumbani Tukuyu, wilayani Rungwe, likizo, nikingoja kuingia mwaka wa tatu wa sosiolojia, somo la jinsi watu wanavyoishi pamoja katika jamii, pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwalimu aliyenifundisha historia akanipigia simu: "Mwanangu, njoo uwaeleze hawa HGL, wa historia, jiografia na lugha, huko chuoni kuna nini. Wao wanajua sheria na ualimu, basi." Alisema kweli. Sosiolojia haikuwamo kwenye masomo ya sekondari, na wengi walilisikia jina hilo wakati wa kujaza fomu za chuo.

Nilikuta kidato cha tano na cha sita wamejazwa darasa moja, wamejikunyata ndani ya masweta, nje manyunyu. Ningeanza na Auguste Comte, Mfaransa aliyelipa somo hili jina karne ya 19, wangesinzia wote. Nikauliza: bwaloni nani anapakuliwa kwanza?

Wakacheka. Kidato cha sita, nani mwingine? Ndoo ya maharage ikiwafikia cha tano imebaki maji na punje za kuhesabu. Sheria hiyo imeandikwa wapi? Haijaandikwa. Mkuu wa shule aliitangaza? Hapana. Binti mmoja wa cha tano, kakaa mbele kabisa, akasema, "Madam, tumeikuta tu."

Nikamwambia hapo ndipo alipokuwa Émile Durkheim, mwanasosiolojia wa Kifaransa, mwaka 1895: zipo namna za kutenda na kufikiri ambazo mtu anazikuta, hakuzitunga yeye, na zinamlazimisha. Nguvu yake huioni mpaka uikaidi. Nikamuuliza mvulana wa cha tano itakuwaje mchana ule akitangulia mbele ya foleni. Kabla hajafungua mdomo, nyuma huko cha sita walikuwa wameshamjibu. Sitayaandika maneno yenyewe.

"Lakini hayo si mambo ya kawaida tu?" akauliza mmoja. Swali zuri, na wapo watu wazima hawajawahi kujiuliza. Nikawapa ya kwao wenyewe. Monica Wilson na mumewe Godfrey, wanaanthropolojia, yaani watafiti wa mila na maisha ya watu, walifanya utafiti Rungwe hii hii kati ya 1934 na 1938. Wakakuta Wanyakyusa wanaishi vijiji vya rika. Mtoto wa kiume akifika miaka kumi hivi anaondoka kwa baba yake, anajenga kibanda na wenzake pembeni. Chakula bado ni kwa mama, ila wanakwenda kundi zima, leo kwa mama huyu, kesho kwa yule. Wakioa, wake wanaletwa hapo hapo, na rika hilo linazeeka pamoja. Kwa watu wa wakati ule, hilo nalo lilikuwa la kawaida tu.

Darasa likachangamka. Wenyeji wa Rungwe wakabishana na waliotoka Njombe na Iringa, mmoja akaapa babu yake hajawahi kumsimulia kitu kama hicho. Mbona vijiji hivyo havipo? Nikawarudishia swali. Wakataja kahawa, wakataja ardhi kuwa finyu, vijana kwenda kutafuta fedha migodini. Sikuongeza kitu. Mwenye mibuni yake hawezi kuiacha ahamie kwingine kirahisi, na hilo mtoto wa mkulima huhitaji kumfundisha.

"Kwa hiyo hata foleni ya bwaloni inaweza kuisha?" binti yule akauliza. Cha tano wakapiga makofi. Mwalimu wa zamu, aliyekuwa amesimama mlangoni, akakohoa, akanisogelea: "Dada, hayo ya foleni ungewaachia mpaka wahitimu."

Kengele ya chakula haijagongwa, mimi nimeshapelekwa ofisini, nimewekewa wali na nyama ya ng'ombe na ndizi mbivu pembeni. Binti yule akaingia kuleta madaftari. Akanitazama, akaitazama sahani.

"Shikamoo madam. Na hiyo umeikuta?"

Nikamwambia marahaba, nimeikuta. Nikaendelea kula.